Aendelee na Mazoezi Nyumbani: Historia ya Maneno Manne

Miaka mitano iliyopita mama yangu mzazi aliruhusiwa kutoka hospitali baada ya kulazwa siku kumi na moja. Kiharusi kilimpata alfajiri akitia udhu. Mkono na mguu wa kulia vililegea, mdomo ukapinda, na maneno yakamtoka nusunusu. Tulipokabidhiwa kadi yake ya kuruhusiwa, iliorodhesha dawa za shinikizo la damu na tarehe ya kliniki. Chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka, kulikuwa na maneno manne: Aendelee na mazoezi nyumbani.

Hakuna aliyetuambia ni mazoezi gani. Hatukuambiwa yafanywe mara ngapi kwa siku, nani amshike mgonjwa, amshike upande upi, wala afanye nini akianza kuyumba. Simlaumu aliyeandika. Wodi ilikuwa na wagonjwa hadi chini ya madirisha, na yeye alikuwa peke yake. Lakini ninafundisha historia, na kazi yangu ya kila siku ni kuchukua hati fupi na kuiuliza: nani alikuandika, kwa mamlaka gani, na ni nini ulichokiacha? Kwa hiyo nimeyasoma maneno yale manne kama ninavyosoma hati nyingine yoyote, na makala haya ni matokeo ya usomaji huo.

Hoja yangu ni hii. Historia ya fiziotherapia inaonyesha kwamba kumfundisha mtu kutembea tena hakujawahi kuwa suala la ujuzi peke yake. Limekuwa pia suala la deni. Dola mbalimbali ziliijenga fani hii pale zilipokubali kwamba zinadaiwa na mtu aliyeumia. Mgonjwa wa kiharusi, ambaye mara nyingi ni mtu mzima aliyeanguka nyumbani kwake na si vitani wala kiwandani, alichelewa sana kuingizwa kwenye orodha ya wadai. Huku kwetu bado hajaingizwa ipasavyo.

Ugonjwa usio na kesho

Wagiriki wa kale waliuita ugonjwa huu apopleksia, yaani kupigwa ukaanguka. Jina hilo lilieleza kishindo bila kueleza chanzo. Mwaka 1658 tabibu wa Uswisi, Johann Jakob Wepfer, alichapisha kitabu kilichotokana na upasuaji wa maiti, akaonyesha kwamba baadhi ya waliokufa kwa apopleksia walikuwa wamevuja damu ndani ya ubongo. Huo ulikuwa ugunduzi mkubwa. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne mbili zilizofuata, kujua mahali damu ilipovuja hakukumsaidia mgonjwa kuinua unyayo wake. Aliyenusurika aliwekwa kitandani, na kitanda kikaendeleza alichokianza kiharusi: vidonda vya mgongoni, nimonia, damu kuganda miguuni, misuli kukakamaa, na viungo kujikunja visikunjuke tena.

Huku kwetu nako watu walikuwa na maelezo yao: upepo mbaya, jini, mkono wa mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliolinganisha Wilaya ya Hai na jiji la Dar es Salaam, ulikuta kwamba wengi wa waliohojiwa jijini walikihusisha kiharusi na mapepo au uchawi, ilhali huko Hai, kijijini, sababu za kimaumbile zilitajwa zaidi. Wanafunzi wangu hushangaa kusikia hivyo, kwa kuwa wamezoea kudhani kwamba ushirikina ni wa shamba na sayansi ni ya mjini.

Sisemi haya ili niwacheke wazee. Tiba ya kuchuliwa kwa mafuta, pamoja na upungufu wake wote, ilikuwa na jambo moja ambalo wodi nyingi hazikuwa nalo: kila siku mtu fulani aliugusa mguu uliopooza na kuuzungumzia kama mguu ulio hai. Kilichokosekana ni hatua ya pili, yaani kumtaka mwenye mguu autumie.

Fani iliyokua kwa vita

Fiziotherapia ya kisasa ina wazazi wengi. Mmoja ni Pehr Henrik Ling, Mswidi aliyeanzisha Taasisi Kuu ya Kifalme ya Mazoezi ya Viungo mjini Stockholm mwaka 1813. Taasisi hiyo iliunganisha mazoezi ya shule, ya jeshi na ya tiba. Mwingine ni daktari wa Uswisi, Heinrich Frenkel, aliyefanya kazi katika mji wa Heiden mwishoni mwa karne ya 19. Wagonjwa wake wengi walikuwa wameharibika uti wa mgongo kwa kaswende, kiasi cha kutojua miguu yao iko wapi bila kuitazama. Inasimuliwa kwamba mgonjwa mmoja alishindwa jaribio la kugusa pua kwa kidole, akaona haya, akaenda kujifunza kwa siri, na aliporudi alilifaulu. Kutokana na tukio hilo Frenkel alitunga mazoezi ya hatua kwa hatua, ya kukaa, kusimama na kutembea juu ya alama zilizochorwa sakafuni. Mazoezi hayo yangali yanafundishwa vyuoni kwa jina lake.

Mjini London, mwaka 1894, wauguzi wanne waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa. Mwaka huohuo magazeti yalikuwa yamejaa kashfa za nyumba za ukandaji zilizokuwa madanguro kwa jina jingine, na wanawake hao walitaka kuitenga taaluma yao na uchafu huo. Chama chao ndicho kilichokuja kuwa chama cha wanafiziotherapia wa Uingereza.

Ila kilichoipa fani hii bajeti, majengo na heshima kilikuwa Vita Kuu ya Kwanza. Ulaya ilijaa vijana waliokatika miguu na kupooza mikono, na serikali zilizowapeleka mahandakini hazikuweza kuwaambia waende nyumbani wakafanye mazoezi. Uingereza ilipanga vikosi vya wakandaji wa kijeshi. Marekani iliajiri wanawake waliopewa kazi ya kuwajenga upya majeruhi, na mwaka 1921 wanawake hao wakaunda chama chao cha kitaifa, Mary McMillan akiwa rais wake wa kwanza. Majeruhi alikuwa mdai, dola ilikuwa mdaiwa, na mazoezi ya kutembea yakawa sehemu ya malipo.

Vita hiyo hiyo ilipiganwa pia katika ardhi yetu. Kariakoo ya Dar es Salaam imerithi jina la kikosi cha wapagazi waliobeba risasi na vyakula vya jeshi la Waingereza. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na malaria, na mishahara ya maelfu yao haikulipwa hata kwa jamaa waliobaki. Dola iliyogoma kulipa ujira wa marehemu haikuona sababu ya kumfundisha majeruhi wake kutembea. Mwanahistoria anapotaka kujua ni nani aliyehesabiwa kuwa mtu kamili, na atazame ni nani aliyepewa gongo la kutembelea, na nani aliyeachwa atambae.

Baada ya vita ikaja polio. Ugonjwa huu wa watoto ulifungua mlango mwingine wa deni, kwa maana hakuna jamii inayoweza kumwambia mtoto kwamba amejitakia. Katika miaka ya 1960, kwenye Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa mifupa Ronald Huckstep alibuni vyuma vya miguu vya bei nafuu vilivyoweza kutengenezwa kwa vifaa vilivyopatikana hapohapo, akaandika mwongozo kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Kazi yake ilithibitisha kwamba umaskini wa vifaa si sababu ya kumwacha mtu chini.

Katika safu hiyo ya askari, vibarua na watoto, mgonjwa wa kiharusi alisimama nyuma kabisa. Alionekana ameshamaliza safari yake. Kwa nini afundishwe kutembea mtu ambaye haendi popote?

Upande uliosahauliwa

Hadi miaka ya 1940, hata pale ambapo mgonjwa wa kiharusi alipata fiziotherapia, mantiki yake ilikuwa ya kufidia. Upande mzima uliimarishwa, upande uliopooza ukafungwa vyuma, mgonjwa akapewa fimbo na kufundishwa kuishi kama nusu mtu.

Aliyeipinga mantiki hiyo kwa nguvu alikuwa mkimbizi. Berta Bobath alizaliwa Berlin mwaka 1907 na alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Akiwa Myahudi, aliukimbia utawala wa Wanazi na kuhamia London kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika miaka ya vita aliombwa kumsaidia mchoraji mashuhuri wa picha za watu aliyekuwa amepooza upande mmoja. Berta aliona kwamba ukakamavu wa misuli, ambao madaktari waliuchukulia kama tabia isiyobadilika ya ugonjwa, ulipungua alipomweka mgonjwa katika mikao fulani na kuuongoza mwili wake kwa mikono. Hitimisho lake lilikuwa jepesi kutamka na zito kukubali: upande uliopooza haujafa, tumeacha tu kuusemesha. Akishirikiana na mumewe Karel, aliyekuwa daktari, alijenga mfumo wa tiba uliosambaa duniani, na mwaka 1970 akachapisha kitabu chake juu ya watu wazima waliopooza upande mmoja. Mwaka huohuo Signe Brunnström, Mswidi aliyefanya kazi Marekani, alichapisha kitabu kilichoeleza hatua ambazo mwili hupitia kutoka kulegea, kukakamaa, hadi kurejea kwa mwendo unaotawaliwa na mwenyewe.

Nao mfumo wa Bobath ulikuja kuwa mapokeo yenye walinzi wake. Baadhi ya waliourithi waliwazuia wagonjwa kutembea hadi mwendo wao uwe "sahihi", kana kwamba mtu ajifunze kuogelea nchi kavu kwanza. Mwaka 1982 wanafiziotherapia wawili wa Australia, Janet Carr na Roberta Shepherd, walileta mtazamo mwingine: mtu anayetaka kujifunza kuinuka kitini afanye mazoezi ya kuinuka kitini, na anayetaka kutembea atembee. Mazoezi yafanane na maisha, yarudiwe mara nyingi, na mgonjwa awe mwanafunzi mwenye akili badala ya mwili unaosukumwa na mikono ya mtaalamu.

Kipimo nacho kilipatikana. Mwaka 1989 Katherine Berg wa Kanada na wenzake walitoa kipimo cha msawazo wa mwili chenye vitendo 14, vikiwemo kusimama bila kushika, kuokota kitu sakafuni, kugeuka, na kusimama kwa mguu mmoja. Kila kitendo hupewa alama 0 hadi 4, na jumla ni 56. Mwaka 1991 kikachapishwa kipimo kifupi zaidi: mtu ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae, huku muda ukihesabiwa. Naomba watumishi wa umma wanaosoma hapa wavitazame vifaa vinavyohitajika: viti, kigoda, rula, futi ya kupimia, na saa. Hakuna hata kimoja kinachohitaji zabuni ya kimataifa.

Profesa aliyetambaa

Nyuma ya mjadala wa mbinu kulikuwa na swali kubwa zaidi: je, ubongo wa mtu mzima unaweza kujifunza upya baada ya kuharibika? Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 jibu la wengi lilikuwa hapana. Kwamba mfumo wa fahamu wa mtu mzima hauoti upya kilikuwa kiini cha mafunzo ya tiba, na kukata tamaa kukapewa sura ya sayansi.

Kisa kimoja kilichoitikisa imani hiyo kilitokea ndani ya familia. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Pedro Bach-y-Rita, mshairi na mwalimu wa chuo mjini New York, alipatwa na kiharusi akiwa na umri wa miaka 65. Alipooza upande mmoja na kupoteza kauli. Mwanawe George, aliyekuwa akisomea udaktari Mexico, alimchukua na kuanza naye mahali mtoto mchanga anapoanzia, yaani kutambaa. Mzee alitambaa huku bega lake dhaifu likiegemea ukuta. Majirani waliona ni aibu kumtambaza profesa uani. Kutoka kutambaa akaenda kwenye kupiga magoti, kisha kusimama, kisha kutembea. Baada ya muda alirudi kufundisha, na alipofariki miaka kadhaa baadaye alikuwa amekwea mlima nchini Colombia. Uchunguzi wa maiti yake ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya uharibifu wa ubongo haikuwa imepona. Aliyepona ni mtu. Kazi ya sehemu zilizokufa ilikuwa imebebwa na sehemu nyingine. Mwanawe mwingine, Paul, aliyekuwa mwanasayansi, alitumia maisha yake kuueleza uwezo huo wa ubongo.

Maabara nazo zilifuata. Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio kwa tumbili waliosababishiwa kiharusi kidogo. Tumbili waliofanyishwa mazoezi ya mkono ulioathirika walilinda eneo la ubongo linaloutawala mkono huo. Wale walioachwa bila mazoezi waliendelea kupoteza hata sehemu ambazo kiharusi chenyewe hakikuzigusa. Tuyatafakari matokeo hayo. Kumwacha mgonjwa kitandani si kusubiri. Ni kumwongezea hasara.

Niliposoma kisa cha Bach-y-Rita niliguswa, kisha nikaingiwa na wasiwasi. Si kila mama ana mtoto anayesomea udaktari, mwenye mwaka mzima wa kumkalia. Kisa hicho ni kizuri mno kwa serikali inayotaka kukwepa wajibu wake, kwa sababu kinaweza kusomwa hivi: upendo wa familia unatosha. Je, unatosha?

Mashine, familia, na mtaalamu

Karne yetu imelijaribu swali hilo, na majibu yake yanastahili kusomwa kwa pamoja.

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa watu 408 waliopata kiharusi. Baadhi yao walifunzwa kutembea juu ya mkanda unaozunguka huku wamefungwa mikanda ya kubeba sehemu ya uzito wao, teknolojia ya gharama inayohitaji watu kadhaa kuisimamia. Wengine walifuatwa nyumbani na mwanafiziotherapia aliyewaongoza katika mazoezi ya nguvu na msawazo. Baada ya mwaka mmoja mashine haikuwa imeshinda. Katika washiriki wote, asilimia 52 walikuwa wamepanda daraja la uwezo wa kutembea, na hata walioanza mashine hiyo miezi sita baada ya kiharusi walipata nafuu.

Mwaka 2014 mapitio yaliyojumuisha tafiti 96 na washiriki zaidi ya 10,000 yalihitimisha kwamba mazoezi ya tiba yanasaidia, na kwamba hakuna shule moja ya mbinu iliyothibitika kuwa bora kuliko nyingine. Vita vya wafuasi wa Bobath na wapinzani wao viliishia hapo, angalau kwa takwimu.

Mwaka 2015 utafiti mkubwa wa wagonjwa 2,104 katika nchi tano ulitoa onyo. Kumtoa mgonjwa kitandani mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za mwanzo kulipunguza uwezekano wa matokeo mazuri. Kwa hiyo bidii peke yake haitoshi; inahitajika jicho linalojua lini na kiasi gani.

Kisha mwaka 2017 ikaja India, nchi inayofanana nasi katika uhaba wa wataalamu. Wagonjwa 1,250 katika hospitali 14 walishiriki. Nusu ya familia zilifundishwa hospitalini jinsi ya kumfanyisha mgonjwa mazoezi, kisha zikaendelea nyumbani. Miezi sita baadaye, asilimia 47 ya wagonjwa katika kila kundi walikuwa wamefariki au wakitegemea wengine. Mafunzo kwa familia hayakuleta tofauti.

Ukiziweka tafiti hizi pamoja, unaona njia. Nyumba inafaa kuwa mahali pa tiba, wala si lazima kuwa na mashine. Ila nyumba bila mtaalamu anayeingia na kurudi haitoshi, hata ikijaa upendo. Maneno manne ya kadi ya mama yangu yana ukweli katika neno la tatu na la nne. Kosa lao ni mtendaji: yanamwachia mgonjwa na jamaa zake kazi ambayo mtu mwingine alisomea, na ambaye ilipasa alipwe ili aifanye.

Tuwe wazi pia kuhusu jamaa hao ni nani. Kwa desturi zetu ni mke, binti, au mkwe. Serikali inapoandika "nyumbani", gharama haipotei. Huhamia kwenye mgongo wa mwanamke aliyeacha genge lake sokoni ili amwinue mumewe.

Deni letu

Isisemwe kwamba haya ni mageni kwetu. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, ambalo ndilo msingi wa sera ya afya ya msingi, lilitaja huduma za utengamao sambamba na kinga na tiba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, mwaka mmoja baada ya Kenya, na kifungu cha 26 cha mkataba huo kinahusu utengamao. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inautaja utengamao hata katika maelezo ya madhumuni yake. Wataalamu wetu wanafundishwa hapahapa nchini. KCMC ya Moshi imekuwa ikiwatoa kwa miongo kadhaa. Tuna ahadi na tuna chuo.

Tunao ushahidi wa ukubwa wa tatizo pia. Utafiti uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikadiria kwamba, baada ya kuzingatia tofauti za umri, watu 108.6 kati ya kila 100,000 hupata kiharusi kwa mwaka katika Wilaya ya Hai, na 315.9 katika eneo lililochunguzwa Dar es Salaam. Kiwango hicho cha Dar kilizidi vile vilivyopatikana katika tafiti nyingi za nchi tajiri. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani, lililozindua mpango wake wa utengamao wa 2030 mnamo mwaka 2017, linasema kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati kuna wataalamu wa utengamao wasiofika 10 kwa kila watu milioni moja.

Hivyo naomba tuache kuzungumzia utengamao kama zawadi ya wahisani au siku ya maadhimisho. Tuuzungumzie kama deni lenye tarehe ya kulipwa. Mama lishe aliyelipa ushuru wa soko kwa miaka thelathini anaidai nchi yake kama askari anavyoidai. Madai yenyewe ni mepesi kuyaorodhesha. Halmashauri ziajiri wanafiziotherapia, na kazi ya kwenda majumbani iwe sehemu ya maelezo ya ajira yao, yenye nauli. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafunzwe kuwasaidia, chini ya usimamizi wao. Na utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, uulizwe swali moja na kila mwanaharakati: je, bima italipia mtu wa kumfundisha bibi kuvuka kizingiti cha mlango wake?

Mama yangu alifundishwa. Tulichanga, ndugu sita, tukampata binti mmoja mwanafiziotherapia aliyekuja mara mbili kwa wiki kwa miezi minne. Siku ya kwanza hakuleta kifaa chochote. Alichagua kiti cha mbao kisicho na mikono, akakiegemeza ukutani, akasimama upande wa kulia, ule dhaifu, ambao sisi sote tulikuwa tukiukwepa. "Mama, uje na uzito huku kwangu," alisema. "Usiogope, nipo." Mama aliinuka mara tatu, akachoka, akalia. Kufikia mwezi wa pili alikuwa akiinuka mara thelathini asubuhi na thelathini jioni. Alijifunza kuhamisha uzito kutoka mguu hadi mguu akiwa ameshika ukingo wa dirisha, kupanda na kushuka kigoda cha mbuzi, kuzunguka ndoo zilizopangwa uani, na mwisho kwenda chooni peke yake usiku. Bado anachechemea. Bado tunaogopa mvua inapofanya uwanja uwe na utelezi. Lakini anatembea.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwako mzee mmoja aliyepata kiharusi mwaka huohuo. Naye alirudi na kadi yenye maneno yaleyale manne. Hakuwa na watoto wa kuchanga. Mkewe alimgeuza kitandani kwa miezi tisa, akamuosha, akamlisha, mpaka alipomzika.

Sina la kuongeza juu ya tofauti ya nyumba hizo mbili, isipokuwa kwamba haikuwa tofauti ya ugonjwa. Ninayo kadi ya mama hadi leo. Juzi niliigeuza nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona: upande wake wa nyuma ni mtupu kabisa. Panatosha kuandika mazoezi matano, idadi yake kwa siku, upande wa kumshika mgonjwa, jina la mwanafiziotherapia wa kata, na tarehe atakayokuja kubisha hodi.